Dawa ya maumivu siyo dawa ya baridi yabisi

Mtu mwenye baridi yabisi anaweza kutoka hospitali na mfuko wa dawa mwezi baada ya mwezi, na ndani yake isiwemo hata moja ya ugonjwa wenyewe. Diklofenaki ipo, ya kulinda tumbo ipo, vitamini zipo, pengine na prednisoloni ya siku tano. Anapata nafuu, nafuu inakwisha, anarudi, anaandikiwa zilezile. Wakati huo utando wa ndani wa viungo umevimba na unaendelea kula gegedu na mfupa, na mfupa uliokwisha kumomonyoka haurudi. Kwa hiyo sisi tunaoishi na ugonjwa huu tunamwambia kila mgeni aache kuomba "kitu kikali zaidi". Swali la kupeleka kwa daktari ni hili: "Kati ya dawa ulizoniandikia, ipi inauzuia ugonjwa?"

Ninazungumzia baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwili wenyewe, siyo kuchakaa kwa viungo kwa umri, wala jongo. Dawa zake ziko mafungu matatu. Fungu la kwanza ni za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na naproxeni: zinakuwezesha kufunga vifungo vya shati asubuhi, lakini mfupa hauzijui, na zikitumika muda mrefu huumiza tumbo na figo. La pili ni steroidi, hasa prednisoloni, zinazoshusha uvimbe haraka; nitazirudia mbele. La tatu ni zile zinazoituliza kinga yenyewe: methotreksati, leflunomidi, salfasalazini na haidroksiklorokwini, na nyuma yao dawa za kibayolojia, yaani sindano zinazolenga sehemu moja tu ya kinga. Mapendekezo ya EULAR, jumuiya ya vyama vya Ulaya vya magonjwa ya viungo, yanataka dawa ya fungu la tatu ianze mara tu ugonjwa unapotambuliwa, na methotreksati iwemo katika matibabu ya kwanza. Wanaoanza ndani ya miezi mitatu tangu dalili zitokee huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuulaza ugonjwa.

Mbona basi daktari husita? Mara nyingi si ubishi. Hana uhakika na ugonjwa, au anaiogopa methotreksati kwa kuwa anaijua kama dawa ya saratani, au hana maabara ya kumfuatilia mgonjwa baada ya kuianza. Ukijua hofu yake ni ipi, unajua cha kumpelekea.

Tuanze na uhakika. Vipimo vya damu vya RF na anti-CCP, vinavyotafuta kingamwili zinazoambatana na ugonjwa huu, husaidia vikiwa chanya, hasa anti-CCP. Lakini kati ya wagonjwa watano, mmoja au zaidi huwa na vipimo hasi vyote viwili na bado ana ugonjwa kamili. RF nayo huweza kuwa chanya kwa mzee asiye na tatizo au kwa mwenye homa ya ini aina ya C. Picha ya eksirei ya miezi ya mwanzo huonekana safi. Hata CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, inaweza kuwa ya kawaida huku vifundo vimejaa. Kwa hiyo "vipimo vyako viko sawa" hakufungi mjadala. Kinachoujenga utambuzi ni uvimbe unaoonekana na kushikika, hasa kwenye vifundo vidogo vya vidole na mikono, pande zote mbili, kwa zaidi ya wiki sita, pamoja na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Kiganja kikibanwa kwa upana, kama mtu anayekushika mkono kwa nguvu, ukaruka kwa maumivu, hiyo nayo ni dalili ambayo daktari anaijua.

Tatizo ni kwamba miadi huwa saa tano asubuhi na uvimbe wako hufika kilele alfajiri. Piga picha. Weka mikono yote miwili juu ya meza, mwanga utoke ubavuni ili mabonde kati ya vifundo yaonekane au yakosekane, na uandike tarehe na saa. Picha tano za siku tofauti zina nguvu kuliko maelezo ya robo saa. Na kama bado hujathibitishwa, mwombe daktari wa awali asikuanzishie prednisoloni siku chache kabla ya kumwona bingwa, kama unaweza kuvumilia: itaushusha uvimbe, na bingwa atakagua mikono isiyo na kitu. Kama tayari unaitumia, usiikatize. Mwambie tu dozi na siku ulizoitumia.

Sasa karatasi. Kila ninachokijua kuhusu kupata dawa inayofaa kinapita kwenye karatasi moja, upande mmoja, inayosomeka kwa dakika moja. Daktari hawezi kubadilisha dawa kwa neno "naumwa sana", kwa sababu uliyasema hayo mara iliyopita na mara ya kabla yake. Anabadilisha kwa namba iliyopanda au iliyogoma kushuka.

Namba rahisi kuliko zote ni CDAI, alama ya ukali wa ugonjwa, kwa kuwa haihitaji maabara. Inakagua viungo 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, vifundo 10 vya vidole pale vinapoungana na kiganja, vifundo 10 vya katikati ya vidole (kwa dole gumba ni kile cha pekee), na magoti 2. Unahesabu vinavyouma ukibonyeza kwa dole gumba mpaka ukucha wako uwe mweupe. Halafu unahesabu vilivyovimba. Unaongeza alama yako mwenyewe ya hali ya ugonjwa, 0 hadi 10, na alama ya daktari, 0 hadi 10. Jumla isiyozidi 2.8 ni ugonjwa uliolala. Hadi 10 ni mdogo. Hadi 22 ni wa kati. Zaidi ya 22 ni mkali. Nyumbani utakosa alama ya daktari, na uvimbe utaukosea mwanzoni, hasa kwenye mabega. Haidhuru. Hesabu siku ileile ya juma, saa ileile, kila wiki mbili, na uandike namba tatu ulizonazo. Daktari atahakikisha zake.

Angalia mtego: miguu haimo katika viungo hivyo 28. Mtu anaweza kuwa na mikono tulivu na alama nzuri huku vifundo vya chini ya vidole vya miguu vinamtafuna, na kwenye faili akaandikwa kwamba amepona. Vua viatu. Kama daktari hakuuliza, vua tu na useme, "Daktari, naomba uangalie na huku."

Nusu ya chini ya karatasi ni historia ya dawa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza hoja. "Methotreksati ilinishinda" hakumsaidii mtu. Andika jina, dozi ya juu kabisa uliyofikia, wiki ulizokaa kwenye dozi hiyo, na sababu ya kuacha. Kwa mfano: "Methotreksati miligramu 10 kwa wiki, wiki 6, niliacha kwa kichefuchefu." Daktari mzuri akiusoma mstari huo anaona kwamba dawa haikushindwa, haikujaribiwa. Dozi ilikuwa ndogo, muda ulikuwa mfupi, na kichefuchefu kina tiba. Dawa nyingi zinazoitwa zimeshindwa ziko hivyo. Kama mwenzako anakwambia fulani ni sumu na nyingine ni muujiza, muulize kwanza dozi na wiki.

Methotreksati yenyewe inahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo nguzo na ndiyo inayoogopwa. Ilipitishwa rasmi Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1988, na dozi ya viungo ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya saratani. Kwa kawaida huanzia miligramu 7.5 hadi 15, mara moja kwa wiki, na kupandishwa kidogo kidogo, tuseme miligramu 2.5 hadi 5 kila wiki mbili au nne, mpaka 20 au 25 kama mwili unakubali. Nafuu huanza kuonekana wiki ya sita au ya nane. Hukumu itolewe baada ya wiki kumi na mbili hivi, dozi ikiwa ya kutosha.

Mara moja kwa wiki. Kosa linaloua ni kuimeza kila siku, na hutokea kwa sababu mgonjwa amezoea kwamba kidonge ni cha kila siku, au kwa sababu lebo imeandikwa "tumia kama ulivyoelekezwa". Chagueni siku na daktari, iandikwe kwa jina lake juu ya kopo: "Jumatano tu". Vidonge vipo vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na vinaweza kufanana. Omba upewe vya 2.5 pekee daima, ili miligramu 15 iwe vidonge sita, nawe ujue kwamba rangi au idadi ikibadilika kuna jambo la kumuuliza mfamasia kabla ya kumeza.

Pamoja nayo inatakiwa asidi ya foliki, angalau miligramu 5 kwa wiki. Wengi huimeza siku inayofuata. Kama umeandikiwa methotreksati bila foliki, uliza, maana ndiyo inayopunguza vidonda vya mdomo, kichefuchefu na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kichefuchefu kikibaki kuna ngazi za kupanda kabla ya kuiacha: meza usiku baada ya chakula, gawanya dozi mara mbili ndani ya saa kumi na mbili za siku ileile, ongeza foliki kwa ushauri wa daktari, hatimaye hamia sindano ya chini ya ngozi. Sindano ina faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Utumbo hufyonza vidonge vizuri mpaka kama miligramu 15, halafu uwezo wake hupungua. Mtu aliyepandishwa kutoka 15 hadi 25 kwa vidonge asione tofauti pengine hakupata dawa zaidi, na ombi la haki hapo ni: "Tujaribu dozi hiihii kwa sindano kabla hatujasema imeshindwa."

Ili hofu ya daktari itulie, njoo na mpango wa vipimo. Kabla ya kuanza: picha kamili ya damu, vimeng'enya vya ini, kreatinini ya figo, homa ya ini B na C, virusi vya ukimwi, eksirei ya kifua, na kipimo cha ujauzito kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Dozi inapopanda, damu, ini na figo kila wiki mbili hadi nne; ikitulia, kila miezi mitatu. Daktari asiye na maabara karibu anaweza kukubali kuandika kama bingwa anasimamia dozi na yeye anasoma majibu, au kinyume chake. Liseme waziwazi: "Nitapima damu kila mwezi na kukuletea majibu kabla hujaniandikia nyingine." Halafu timiza. Mgonjwa anayekosa vipimo viwili mfululizo hupunguziwa dozi, na daktari huwa hajakosea.

Yapo mambo machache ambayo huwezi kumwachia mtu mwingine akukumbukie. Kotrimoksazoli au trimethoprimu pamoja na methotreksati huweza kushusha chembe za damu hadi kiwango cha hatari. Kila unapoandikiwa dawa ya mkojo au kifua, taja methotreksati kabla kalamu haijagusa karatasi. Homa, vidonda vya mdomo vikali, damu kuvilia chini ya ngozi, au kikohozi kikavu kipya na kukosa pumzi: usimeze dozi inayofuata na uende hospitali siku hiyohiyo. Pombe iwe kidogo sana au isiwepo. Methotreksati na leflunomidi hazichanganyiki na mimba kabisa. Salfasalazini na haidroksiklorokwini zinaruhusiwa. Kama unatarajia kupata mtoto mwaka ujao, hilo liwe sentensi ya kwanza chumbani, maana linabadili uchaguzi wote. Leflunomidi hukaa mwilini muda mrefu sana, na kuiondoa kwa haraka huhitaji kolestiramini, gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11. Na mwanamume ajue kwamba salfasalazini hupunguza mbegu kwa muda. Huongezeka tena akishaacha.

Prednisoloni nimeiacha kando kwa makusudi. Mwaka 1948 daktari wa Marekani Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, steroidi ya jamii hiyohiyo, kwa mara ya kwanza, na mtu aliyekuwa hainuki kitandani akatembea ndani ya siku chache. Mwaka 1950 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Kendall na Reichstein. Muda si mrefu madhara yakajaa kwenye majalada: sukari, mifupa kuvunjika, maambukizi, uso kuvimba. Tangu hapo matumizi yake mazuri ni kama daraja, miligramu chache kwa wiki kadhaa wakati methotreksati inajipanga, na tarehe ya kuishusha iandikwe siku ileile inapoanza. Ikizidi wiki tatu usiikatize ghafla, kwa kuwa tezi za juu ya figo zimelala na zinahitaji muda kuamka.

Lakini prednisoloni ina kazi moja zaidi, ya ushahidi. Kama kila ukishuka chini ya miligramu 7.5 vifundo vinaamka, basi dawa ya msingi haifanyi kazi yake, hata kama unajisikia vizuri kwenye miligramu 10. Andika majaribio ya kushuka: tarehe, dozi, siku uvimbe uliporudi. Madaktari wanaiona CRP nzuri ya mtu anayekula steroidi na kudhani matibabu yamefika. Mstari huo mmoja huwaonyesha kwamba hayajafika, na pia huanzisha mazungumzo ya kulinda mifupa kwa kalsiamu, vitamini D na dawa za mifupa, ambayo husahaulika mara nyingi mno.

Chumbani, omba lengo na tarehe, usiombe dawa kwa jina. Ukitaja jina la dawa uliyoisoma mahali, daktari analazimika kukubali au kukataa, na kukataa ni rahisi. Sema badala yake: "Daktari, leo nina vifundo tisa vilivyovimba. Tunalenga nifike wapi, na nikirudi baada ya miezi mitatu bila mabadiliko, hatua inayofuata ni ipi?" Ni vigumu kulijibu swali hili bila kufikiria ngazi inayofuata. Utaratibu wenyewe ndio wa EULAR: kagua kila mwezi mmoja hadi mitatu wakati ugonjwa uko macho, kama hakuna nafuu ndani ya miezi mitatu, au lengo halijafikiwa ndani ya sita, badilisha. Omba lengo liandikwe kwenye faili. Akikataa kupandisha, uliza kwa upole sababu, na uombe hiyo nayo iandikwe. Sababu iliyoandikwa, kama "ini limepanda mara mbili", ina hatua ya kuitatua. Kama jibu ni kwamba hana uzoefu na dawa hizi, mshukuru kwa ukweli na uombe rufaa hapohapo, pamoja na barua yenye tarehe ya dalili kuanza, viungo vilivyovimba, vipimo na dozi zilizojaribiwa.

Baada ya methotreksati kamili kushindwa, wengi huruka moja kwa moja kwenye sindano za kibayolojia. Kabla yake, au pale zisipopatikana, upo mchanganyiko wa tatu: methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini kwa pamoja. Mtafiti O'Dell na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba watatu hao kwa pamoja hushinda methotreksati peke yake, na utafiti wa RACAT wa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba kwa waliokwama kwenye methotreksati, kuanza na mchanganyiko huo hakukuwa duni kuliko kuanza na etanesepti, moja ya sindano za kibayolojia. Salfasalazini huanza miligramu 500 kwa siku na kuongezwa 500 kila wiki hadi gramu 2. Mkojo utageuka wa rangi ya chungwa na hilo si tatizo, ila mwenye mzio wa salfa asiiguse. Haidroksiklorokwini isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtu wa kilo 60 ni wastani wa miligramu 300. Macho yapimwe mwanzoni, na kila mwaka baada ya miaka mitano. Peke yake ni dhaifu. Nikiona mtu mwenye vifundo kumi vilivyovimba anatumia hiyo tu, naona daktari aliyechagua dawa isiyomtisha.

Dawa za kibayolojia na vidonge vya kuzuia JAK, kimeng'enya kinachopitisha ishara za uvimbe ndani ya chembe za kinga, hutaka kipimo cha kifua kikuu kilichojificha na cha homa ya ini B kabla ya dozi ya kwanza, na chanjo zenye virusi hai zitangulie. Vidonge vya JAK vina tahadhari ya moyo na damu kuganda, hasa kwa waliozidi miaka 65 na wavutaji sigara, na huamsha mkanda wa jeshi. Anayelipia, awe bima au serikali, atataka kuona dozi na tarehe za dawa zilizotangulia. Ile nusu ya chini ya karatasi inalipa hapa.

Iko hali moja ambapo kupandisha dawa ni kosa. Maumivu yapo, lakini vifundo havijavimba, CRP iko chini bila steroidi, na kukakamaa asubuhi ni kwa dakika chache. Hapo huenda maumivu yanatoka kwenye gegedu lililokwisha kuharibika, au kwenye mishipa ya fahamu iliyozoea kuuma, na kuikandamiza kinga zaidi kutaleta maambukizi tu. Omba kipimo cha altrasaundi cha viungo kinachoonyesha mtiririko wa damu kwenye utando. Kikiwa kimya, tiba ni mazoezi ya viungo, usingizi na dawa za aina nyingine.

Na ugonjwa ukilala, usiache. Kinachoshuka kwanza ni prednisoloni. Ukikaa umelala miezi sita bila steroidi, mnaweza kuanza kutanua nafasi kati ya sindano za kibayolojia, na methotreksati hupunguzwa mwishoni, taratibu. Weka kwenye karatasi dozi ya mwisho iliyokuwa inaushika ugonjwa: uvimbe ukirudi, ndiyo mnayoirudia.